Jani Lililoshiba

Nusu saa kabla ya mtihani wa vitendo, mwalimu wa biolojia alidondosha iodini kwenye jani alilolichemsha, nalo likageuka jeusi tii. Lilikuwa limejaa wanga.

Mmea wa jani hilo alikuwa ameufungia kabatini, gizani, siku mbili, ili umalize akiba yake yote ya wanga. Mtihani ulihitaji majani yasiyo na wanga; sasa wanafunzi arobaini wangepimia nini?

"Nani ameutoa?"

"Mimi," alisema mama mfagiaji, ameegemea ufagio mlangoni. "Tangu jana ulikuwa dirishani unapata jua, nimeurudisha leo. Majani nimeyapangusa moja moja."

"Mama, nilitaka huo mmea ushinde njaa!"

"Kashinde wewe kabatini siku mbili, mwanangu, halafu uje tuongee." Akainama kuendelea kufagia. "Radhi siombi."