Kriki ya Gentil

Wanaume kumi na mmoja waliliinua gari kwa mikono. Walipomvuta Anaclet kutoka chini yake, alikuwa bado ameshika spana, ufunguo wa kufungulia buloni. Mke wake, Chancelle, aliona vile vidole vilivyokaza akadhani mtu anayeshika kitu kwa nguvu hivyo hawezi kufa.

Alikufa kabla hawajamaliza mteremko wa Kasha, wakimkimbiza hospitali.

Asubuhi hiyo ilikuwa imeanza vizuri. Anaclet alikuwa dereva wa teksi, na hakukubali fundi yeyote aguse Toyota yake. Mafuta ya injini aliyabadilisha mwenyewe, nyumbani. Ua wao, kama nyua zote za huko, uliinama kuelekea bondeni, na breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani, lakini alizoea. Aliazima kriki ya kuinulia gari kwa jirani yake Gentil, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akapandisha pua ya gari, akajilaza chali na kuingia chini. Miguu tu ndiyo iliyobaki nje.

Mama yake, Godelive, alikuwa amefika juzi kutoka Nyangezi na mfuko wa maharagwe kichwani. Jiko la makaa alilikataa. Aliwasha kuni hapo uani, karibu na gari, apate kuongea na mwanawe.

"Mama, maharagi ya makaa iko na ubaya gani?" Anaclet alimwuliza kutoka chini.

"Iko na ladha ya hospitali. Na weye, mutu muzima, unalala mu vumbi kama mbuzi mugonjwa! Toka huko, uje unishikie hii sufuria. Iko nainama."

"Ngoja kidogo, Mama. Hii buloni iko nguvu, nikitoa hii tu niko nakuya." Alicheka. "Mama Dany! Leta kitambaa!"

Chancelle aliingia ndani. Alikuwa amepiga magoti akitafuta kitambaa chini ya kitanda aliposikia buloni ikilia, kisha kishindo.

Alipotoka, gari lilikuwa limeanguka. Kriki ililala ubavu kwenye udongo. Mama Godelive alishika miguu ya mwanawe, akaivuta, akaita jina lake la utotoni. Nyuma yake sufuria lilikuwa limetulia juu ya moto, likichemka polepole.

Saa nane Gentil alikuja kwenye kilio, kofia mkononi. Ua ulikuwa umejaa watu. Wale wanaume kumi na mmoja walikuwa wamelisukuma gari hadi kwenye uzio wa miti, na udongo wote ulikuwa umekanyagwa.

Mama Godelive alimwona kwanza.

"Kriki yako imeniulia mutoto!"

"Maman, pole. Pole sana. Lakini angalieni, kriki iko muzima. Haijavunjika, haijatoa mafuta. Gari njo imerudi nyuma."

"Gari irudi nyuma yenyewe?" kijana mmoja alisema. "Iko na akili? Ilikumbuka kitu ku nyumba?"

Watu wachache walicheka, kisha wakanyamaza kwa sababu ya maiti.

"Labda Papa Dany hakuweka jiwe," Gentil alisema. "Mutu anaweza sahau."

"Hakuweka jiwe?" Mama Godelive alisimama. "Sasa unamutukana, na iko amelala pale?"

Kijana yule akamgeukia Chancelle. "Mama Dany, weye ulikuwa hapa. Aliweka jiwe ao hapana?"

Chancelle hakupenda kusema mbele ya watu. Hata kanisani alijibu kwa kusogeza midomo tu. Gentil alimtazama. Jicho lake moja lilikuwa linapepesa. Alikuwa amembeba Dany mgongoni mwaka jana, usiku wa homa, hadi kwa daktari. Kama Chancelle angesema hajui, hakuna ambaye angemlaumu.

Lakini alimkumbuka Anaclet akiinama, akilisukuma lile jiwe kwa mikono miwili, kisha akalipiga teke kuhakikisha.

"Aliweka," alisema. "Nilimuona na macho yangu."

Ilitosha. Vijana walimtoa Gentil kwa kola ya shati. Charlène, mke wake, alikimbia nyuma yao bila viatu, akisema Papa Dany alikuwa rafiki, akitaja majina ya vijana wale mmoja mmoja, maana wote aliwajua. Kriki waliibeba wao. Chini ya mteremko waliitumia.

Gentil alikaa hospitalini siku mbili, na hakufungua macho. Charlène alimzika, akachukua watoto, akaenda kwa ndugu zake Bunyakiri. Mlango wa nyumba yao ulibaki wazi, ukigongagonga kila upepo ulipopita.

Chancelle alijiambia kwamba alisema kweli. Alijiambia hivyo akifua, akajiambia akimnyonyesha Dany. Nayo ilikuwa kweli.

Baada ya wiki, waombolezaji wa mwisho waliondoka, na Mama Godelive akafunga mfuko wake arudi Nyangezi. Kabla ya kuondoka alitoka uani, akachuchumaa mahali alipopikia wageni siku zote zile, akaanza kufagia majivu kwa mkono.

"Hizi mawe tatu usizitupe," alisema.

"Sitatupa, Mama."

"Hizi mbili nilizitoa ku mufereji, moto imeshazipasua. Lakini hii kubwa iko nguvu." Alilifuta masizi, akalipiga kofi mara mbili. "Siku ile sufuria ilikuwa nainama, nilikosa ya tatu. Kumbe hii ilikuwa nyuma ya gurudumu, imekaa tu bure."