Umeme wa Talatala Unakwenda Wapi

Pasi ilikuwa ya moto. Lugano aliigusa tu kwa mgongo wa mkono, akaurudisha upesi, akamwangalia mzee Andendekisye. Shati la mzee lilikuwa limekunjamana kama jani la mgomba lililofungia samaki.

"Nilitaka kunyoosha shati la kanisani," mzee akasema. "Nikakumbuka maneno ya Ambwene, nikachomoa."

Sasa huyo Ambwene ni mwanawe, yuko Dar na shughuli zake, na ndiye anayemnunulia baba yake umeme. Shida ni kwamba umeme wenyewe ukiingizwa leo, ukigeuka hivi, umekwisha. Na nyumba ni ya mtu mmoja, mkewe amelala pale nyuma kaburini, chini ya vigae. Ndipo Ambwene akampigia Lugano, fundi wa Kyela mjini. Nenda kijijini Talatala, akamwambia, ukamwone anayemwibia baba umeme. Usipoona kitu, basi, tunaachana na hii mita ya luku, namfungia sola.

Na Lugano hakutaka kurudi mikono mitupu. Fundi asiyejua umeme unapovujia, kesho nani atamwita?

Akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani. Akafuata waya toka kwenye nguzo mpaka ukutani. Akaenda hadi kwa jirani, mama Tulinagwe, aliyekuwa anageuza kakao yake juani.

"Kwangu hata nguzo haijafika, mwanangu," yule mama akamwambia. "Au unadhani umeme naufukia humu kwenye kakao? Pekua basi, na ukimaliza unisaidie kugeuza."

Akarudi ndani, na ndani ndiko kulikomshangaza. Tangu aanze ufundi hajaona mtu anayebana umeme namna ile. Runinga imefunikwa kitambaa cha kufuma, waya umeviringishwa juu yake. Friji imechomolewa. Heta ya kuchemshia maji inaning'inia msumarini. Mzee alimfuata nyuma chumba kwa chumba, na kila Lugano alipowasha taa aone vizuri, mkono wa mzee ulikuja taratibu ukaizima.

"Ukitoka chumbani, zima. Ndivyo Ambwene anavyonifundisha kwenye simu."

"Anapiga sana?"

"Umeme ukiisha lazima apige. Haya macho yangu hayasomi meseji, na shule nayo nilipita dirishani. Siku hizi ananunua mapema anaweka. Nikimbipu, ananisomea namba, mimi nabonyeza." Akacheka kidogo. "Mara nyingine nakosea, anaanza upya. Ana subira, yule mtoto."

Wakazima kila kitu. Lugano akasimama mbele ya luku, pale ukutani sebuleni. Kile kitaa chekundu kinachokonyeza umeme unapotumika kikatulia, kama jicho la samaki sokoni. Hakuna anayeiba, na hakuna panapovuja.

"Tata, hapa sijaona kosa," akasema. "Uniti zimebaki chache, lakini ukibana hivi hivi zitakufikisha wiki ijayo, hata zaidi."

"Mpaka huko?"

"Mpaka huko. Na zikiisha usihangaike. Nitamwambia Ambwene meseji aitume kwangu, nikipita na pikipiki nakuingizia mwenyewe, mpaka sola ije."

Mzee akaitazama simu yake, ile ndogo ya kubonyeza, iliyofungwa kwa raba.

"Hiyo sola nayo ina namba?"

"Haina namba, tata. Jua likiwaka, imekwisha hiyo. Hakuna wa kumsumbua."

"Ndaga, mwanangu," mzee akashukuru. Akaingia chumbani, hakumsindikiza hata hatua moja, na wazee wa kule mgeni hawamwachi hivyo.

Lugano alikuwa ameshafika mjini, ameshakula wali wake kwa samaki wa ziwani, mbasa, ndipo akapapasa mfuko akakuta testa yake ya kupimia umeme haipo. Ilibaki juu ya friji. Akageuza pikipiki, huku anamlaani aliyegundua usahaulifu.

Alipoizima pale uani akasikia watu wanaongea ndani. Afadhali, akawaza, mzee amepata wageni. Akasogea mlangoni apige hodi.

Wageni walikuwa runinga. Taa zote zinawaka, mchana kweupe. Friji imeachwa wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Heta imezamishwa kwenye ndoo, maji yanatokota, mvuke umetanda dirishani. Pasi imesimama peke yake juu ya meza. Na katikati ya hayo yote mzee Andendekisye amekaa kitini, simu gotini, anaikodolea luku kama mtu anayengoja basi.

Lugano akajibanza pembeni ya mlango, hodi hakupiga.

Mara kila kitu kikazima. Runinga ikakatiza neno katikati.

Mzee akainuka, hana haraka. Akachomoa pasi. Akafunga friji, akachomoa na waya wake. Akaitoa heta ndooni, akaitundika msumarini. Akapita kwenye swichi zote, moja baada ya nyingine, akamalizia kwa kuifunika runinga kitambaa chake. Halafu akarudi kitini, akabipu.

Simu ikaita pale pale.

"Ambwene mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Umekwisha tena, sijui unakwenda wapi. Haya, nisomee."

Lugano akarudi kinyumenyume, testa akaiacha hukohuko. Jambo la mwisho aliloliona ni mzee bado yuko kitini, mbali na luku, simu ameikumbatia sikioni kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba.

"Hapo nimekosea, mwanangu," alikuwa anasema. "Anza tena mwanzo."