Hutoki Mpaka Tumalizane

Kukimbia? Angekimbilia wapi, mjukuu wangu, na mlango umefungwa, ufunguo umo mfukoni mwa Mkubwa? Dirisha lenyewe lina nondo, na nje ya nondo tumejazana watu wa kata nzima, kila mtu anataka kusikia diwani wetu anavyokaangwa. Hapana. Diwani alikuwa amenasa kama panya ndani ya debe.

Chumba kidogo, bati juu, jua la saa nane. Mkubwa amekaa nyuma ya meza, amevaa koti, mikono kifuani, uso mkavu. Diwani amesimama. Kiti cha pili kipo, lakini hakuambiwa akae, na yeye ni mtu wa adabu, adabu ya kupitiliza. Kwa adabu hiyo tulimpa kura, na adabu hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inatuponza.

"Haya, sema shida yako," Mkubwa akasema. "Na useme upesi. Kesho bajeti inafungwa."

Diwani akakohoa. "Mkubwa, kata yetu inakabiliwa na changamoto za miundombinu..."

"Kila kata inakabiliwa. Jingine?"

"Barabara, Mkubwa. Mvua ikinyesha haipitiki."

"Si afadhali? Kuku wenu hawagongwi."

Dirishani watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sikufichi. Tangu asubuhi hatujatia kitu mdomoni, tunangoja neno moja tu kutoka chumba kile, na mtu mwenye njaa hucheka hata pasipochekesha.

"Shule, Mkubwa. Watoto wa darasa la kwanza wanakaa chini."

"Sakafu ina baridi. Wakikaa chini hawasinzii. Endelea."

Diwani akajifuta jasho kwa kiganja. Macho yote yako sakafuni, kama mtu aliyeangusha sindano. Tangu aingie hakuwa amemtazama Mkubwa usoni hata mara moja.

"Basi... tunaomba mtufikirie," akasema, akaanza kurudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Akashika kitasa. Akakizungusha. Akakizungusha tena, utadhani kitamwonea huruma.

"Nifungulie, Mkubwa. Nitarudi siku nyingine, nikiwa nimejipanga."

"Leo hutoki mpaka tumalizane." Mkubwa akapiga meza, vumbi likaruka. "Mmezoea ninyi. Mnakuja, mnainama, mnapewa soda baridi, mnarudi kwenu mnawaambia watu 'wameahidi'. Na zahanati mbona hujaitaja?"

Diwani akazungusha kitasa tena.

"Nakuuliza zahanati, Mheshimiwa. Umemeza ulimi?"

"Ipo," akasema, polepole. "Imepakwa hata rangi. Mkunga ndiye hayupo."

"Mkunga wa nini? Wanawake wanazaa tangu dunia iumbwe."

Hapo, mjukuu wangu, hakucheka mtu. Shangazi yako aligeuka akaondoka dirishani, mkono mdomoni. Mimi nikaona shingo ya Diwani imevimba mishipa, nikasema moyoni, huyu sasa ama atalia ama atapindua meza.

"Usiseme hivyo, Mkubwa. Mwingine sawa. Lakini wewe usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Nionyeshe nilipokosea."

Akasimama pale, mgongo umegusa mlango. Mbele Mkubwa, nyuma kitasa kisichofunguka. Mtu akikosa pa kutokea, kinachotoka ni kile alichokifungia ndani.

"Mke wangu," akasema, na sauti haikuwa ile ya mikutanoni. "Uchungu ulimshika alfajiri. Tukafika zahanati, hakuna mkunga. Nikakodi pikapu twende hospitali ya wilaya, mimi, yeye na dereva, basi. Pale bondeni ikazama kwenye tope. Nikashuka kusukuma. Yeye amelala kule nyuma, na mimi niko hapo hapo, nimeinamisha kichwa, nasukuma. Akaniita. Nikamwambia ngoja kidogo, tunatoka. Akaniita tena. Nikamwambia ngoja kidogo, mama, tunatoka."

Akabandua mgongo mlangoni.

"Na tulitoka. Nikapanda kumwambia kwamba tumetoka. Mtoto analia, yeye kimya. Mtoto huyo ndiye sasa yuko darasa la kwanza, anakaa chini. Barabara, zahanati, shule, kwangu mimi si vitu vitatu, Mkubwa. Ni kitu kimoja. Nipe mkunga, nipe daraja pale bondeni. Kama hutoi, sema hutoi, nisikie kwa masikio yangu. Usinipe soda."

Mkubwa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Alisema nini tena?" Sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ya kuuliza kwelikweli.

Ndipo Diwani akainua macho, akamtazama usoni.

"Mara ya tatu hakuniita mimi. Alimwita mama yake."

Mkubwa akainuka. Akavua koti la marehemu mumewe, akalitundika kwenye kiti, akajifunga kitenge chake upya.

"Miaka yote hii hilo hukuniambia, mkwe wangu," akasema. "Mazoezi yametosha. Kesho kamwambie huyo Mkubwa mwenyewe kule wilayani, hivyo hivyo, unamtazama machoni." Kisha akatoa ufunguo, akafungua mlango, akaagiza sufuria ziingizwe, na sote tukaketi kula.