Jina Moja Tu

Mjane aliweka simu yake mezani, mbele ya fundi na bosi wa tovuti ya kumbukumbu za marehemu. Chini ya picha ya mumewe paliandikwa "Pumzika kwa amani, Mzee", kisha uwazi mweupe, kisha nukta. Pale penye uwazi alikuwa amepasugua kwa kidole mpaka kioo kikaingia ukungu.

Fundi alichemka kwa hasira. Walipokuwa wanachagua kiolezo cha kutengenezea kurasa, yeye alitaka kinachogoma jina likikosekana. Bosi aling'ang'ania kinachoruka pengo na kuchapisha hivyo hivyo, eti kazi isilale.

"Ni jina moja tu, mama," bosi alisema. "Tutaliweka."

 Fundi alifungua ukurasa wa marehemu baba yake bosi, akafuta jina, akachapisha, akamgeuzia bosi kompyuta.

"Mpigie mama yako," alisema. "Umsomee."