Kisanduku Kilichonyamaza

Taa tatu za kisanduku kilichounganisha simu na intaneti ziliwaka vizuri, lakini fundi Zacharie alipoinua mkonga wa simu hakusikia kitu, hata ule mlio wa kawaida wa laini.

Komanda wa askari alikuwa amekalia kiti cha wateja, buti juu ya meza. Tangu fujo za mjini alikuwa ameiteka kabini hii ya simu, ya pekee pale Kisangani iliyopiga kupitia dishi la intaneti.

"Phonie hapana," alisema, akiisukuma kando redio ya upepo. "Phonie kila mutu anasikilizaka, mpaka Opala. Bakubwa bataita hapa tu. Na bila bakubwa, mimi siwezi kuamua kitu juu ya batu ba kasho."

Ndani ya kasho hiyo, mahabusu ya askari, alikuwamo Liévin, mdogo wake Zacharie na mwenzake wa kabini, aliyekamatwa siku ya fujo akirudi sokoni na muhogo. Zacharie hakuwa na wasiwasi na haki ya mdogo wake. Bakubwa wangepiga, wangeuliza, wangeambiwa huyu ni mtu wa kabini tu, basi wangemwachia. Kilichobaki ni kukifanya kisanduku kiongee. Fundi mzuri huyo, na moyo wake mweupe kupita kiasi.

Simone, mke wa Liévin, ndiye aliyezoea kuwapigia wateja namba. Alikuwa amekaa pembeni na liboke ya samaki, waliopikwa ndani ya majani, magotini. Alianza kumwambia Zacharie jambo kwa Kilokele, lugha ya kwao mtoni, na askari wa mlangoni akagonga ubao kwa kitako cha bunduki.

"Hapa Swahili tu, mama."

Simone akamsogezea ile liboke. "Shemeji, kula kwanza. Hiyo kitu imekufa. Iache."

"Nitakula na bwana yako," Zacharie alisema.

Alibonyeza nyota mara nne kwenye simu. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa kwa Kifaransa ikamsomea anwani ya intaneti ya kisanduku, na Zacharie akakunja uso. Haikuwa anwani aliyoiweka yeye. Alijaribu kuirudisha ya zamani. Akadaiwa neno la siri, na neno lake likakataliwa.

"Kuna mujinga alishika-shika humu," alisema. "Alibadilisha kila kitu."

Simone aliangalia samaki wake.

"Utaweza?" Komanda aliuliza.

"Nitaifuta yote, mon commandant, irudi sawa vile ilitoka kiwandani. Kisha nitaandika upya. Namba zote ziko kichwani." Akamgeukia Simone. Nyuma ya kisanduku palikuwa na tundu dogo, na kitufe ndani yake. "Nipe épingle."

"Sina," Simone alisema, huku pini ikimetameta begani pake, imeshika kitambaa.

Zacharie aliona aibu kwa ajili yake. Kumgusa mke wa mdogo wake kuchukua pini lilikuwa jambo lisilofanyika, basi akabaki na mkono hewani, hasira zikimpanda. "Bwana yako analala juu ya sakafu ya ciment, na weye unaninyima épingle?"

"Courant ikikatika itaiuwa tena, shemeji. Fanya kesho."

"Kesho gani?"

Askari alicheka, akachomoa pini iliyofunga kofia yake iliyochanika. Zacharie aliiingiza tunduni, akabana mpaka taa zote zikazimika, kisha zikarudi moja moja. Akaandika namba zake bila kusita, midomo ikimchezacheza. Simone alifumba macho.

Mkonga ukaanza kuvuma. Hakuna muziki aliowahi kuupenda kama ule mvumo.

Haukupita muda, simu ikalia. Komanda akashusha buti zake, akaipokea amesimama.

"Ndiyo, afande. Laini ilikufa, tulikuwa tunangojea sauti yenu tu." Akasikiliza. "Bale ba kasho? Beko bote." Akasikiliza tena. "Hata mumoja habaki. Ndiyo, afande. Mbele ya jua kuzama."

Akaweka mkonga taratibu, akampiga Zacharie begani. "Kazi muzuri, ingénieur." Kisha kwa askari: "Washa camion. Leta na majembe."

Wakatoka wote wawili. Zacharie alibaki amesimama, tabasamu bado usoni, halijapata habari.

"Ni Liévin alinifundisha namba za kubadilisha, ili amri ya bakubwa isifike," Simone alisema, "siku nilimupelekea chakula. Alisema ni weye tu unaweza kuifufua. Akaniambia nisiogope, weye ni ndugu yake."