Diski za Baridi

Faili la dereva mstaafu lilihamia kwenye diski za baridi asubuhi. Mwenyewe alikufa mchana.

Mama Stoo aliitazama tena tofauti hiyo kwenye kioo cha kompyuta. Wenzake hospitalini walimpachika jina hilo kwa kuwa ndiye aliyetunza stoo ambayo hakuna aliyeiona: makabati ya diski yaliyonguruma chini ya jengo, yamebeba faili la kila mgonjwa. Aliyasimamia kwa programu iliyomwonyesha kila kitu kwa rangi. Mgonjwa aliye hai, faili lake lilikaa kwenye diski za kasi, kijani. Akifariki, daktari au muuguzi alilifunga kwa mashine iliyo kando ya kitanda chake, si kwingineko, na programu ikalipeleka kwenye diski za baridi. Hapo likawa buluu. Tangu dakika hiyo mashine ya kitandani haikupigia tena madaktari kengele. Ilishaambiwa mwenyewe hayupo.

Kwanza alidhani saa za mitambo zimepishana. Akazikagua, zote sawa. Akarudi nyuma kwenye kumbukumbu za miezi iliyopita. Akamkuta bibi mmoja aliyefungiwa faili akiwa bado anapumua. Halafu mwalimu mmoja. Wote wa wodi ile ile ya juu.

Ndiyo wodi aliyolazwa mjomba wake, aliyevunjika mguu. Tena chumba kimoja na yule dereva.

Mama Stoo akapanda ngazi mbiombio.

Mjomba alikuwa mtu wa mizaha, hata plasta yake aliiita mke wa pili kwa jinsi ilivyomganda. Siku hiyo hakutania. Kitanda cha jirani kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

"Mpwa wangu, yule bwana hakuwa mgonjwa wa kufa," alisema kwa sauti ya chini. "Juzi kanifunga karata mpaka nikamwambia anaiba. Jana wamenipeleka kupigwa picha ya mguu, narudi nakuta pazia limevutwa. Mtu anazimika hivi hivi kama kibatari?"

"Ulimwona nani humu?"

"Humu sikumwona mtu. Ila kwenye korido nilipishana na yule daktari mgeni, mwenye miwani. Anatembea kama paka."

Mama Stoo alipotoka, alimkuta daktari huyo amesimama nje ya mlango. Hakujua ni tangu saa ngapi.

"Mgonjwa wako anaongea sana," daktari alisema. "Anatakiwa apumzike."

Mama Stoo akaharakisha mpaka chumba cha wauguzi. Humo alikuwemo wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi mkuu wa wodi. Ndiye aliyempigania Mjomba apate kitanda cha dirishani, ndiye aliyemletea uji kutoka nyumbani. Mama Stoo akafunga mlango, akammwagia yote: faili, saa, bibi, mwalimu, maneno ya Mjomba, na yule daktari mlangoni.

Wifi alisikiliza, kikombe mkononi, chai ikipoa.

"Umeshamwambia mkuu wa hospitali?"

"Bado. Nimeanzia kwako, wifi."

"Umefanya la maana. Tukikurupuka, nyoka atarudi shimoni. Na Mjomba, maneno haya kayasema kwa nani?"

"Kwangu tu."

"Basi na yabaki hapo." Wifi akamshika bega, akalibonyeza kidogo kama alivyomfanyia siku ya msiba wa mama yake. "Nenda kakae na kompyuta yako, utafute ushahidi. Mjomba niachie mimi."

Mama Stoo akashuka, miguu ikiwa myepesi kidogo. Damu nzito kuliko maji, alijiambia; na wifi naye ni damu.

Alitumia muda mrefu kukusanya kumbukumbu za wale watatu, akizinakili mahali salama. Alikuwa anakaribia kumaliza programu ilipotoa mlio mfupi. Faili moja lilikuwa linahama. Akasoma jina.

Lilikuwa la Mjomba. Buluu.

Akampigia wifi simu.

"Wifi! Wamelifunga faili la Mjomba! Kimbia chumbani kwake!"

"Tulia. Nipo kwake sasa hivi."

"Daktari je?"

"Ametoka. Tumepishana mlangoni."

"Mjomba anapumua?"

"Anapumua. Amelala, amechomwa sindano ya maumivu."

"Usimwache, wifi. Nakuomba, usitoke humo."

"Nimwache niende wapi? Nimeshafunga mlango kwa ufunguo. Tupo wawili tu humu, hata inzi hapiti."

Mama Stoo akashusha pumzi, machozi yakimtoka. Akaweka simu mezani, sauti ikiwa wazi, vidole vikarukia kibodi. Programu ilimruhusu kulirudisha faili lililohamishwa kwa makosa. Akaliteua, akalivuta kutoka diski za baridi, akathibitisha. Mstari ukatambaa kwenye kioo polepole, kama unaombwa. Kisha faili likawa kijani.

Papo hapo, kupitia simu, akaisikia mashine ya kitandani ikiamka na kupiga kengele kwa nguvu zake zote.

"Umesikia, wifi? Nimelirudisha! Madaktari watakuja sasa hivi!"

"Nasikia," wifi alijibu taratibu. "Kumbe ina kelele hivi."

Kengele ikakatika katikati ya mlio. Kwenye kioo, faili la Mjomba likageuka tena buluu.