Nta Kwenye Panda

Mkata miti alifika kwenye panda ya mti mkongwe kuliko yote katika bustani ya jumba. Msimamizi alishikilia kwamba umezeeka, ukatwe, ila neno la mwisho lilikuwa la mkata miti.

Mti unaokufa kwa uzee huanza kukauka kileleni. Huu ulikauka upande mmoja tu. Machale yakamcheza.

Akakwangua gome kwa ukucha. Kikabanduka kipande cha nta kilichopakwa matope, na nyuma yake tundu lililotobolewa kwa keekee, la mviringo safi, likinuka dawa ya kuulia magugu.

Chini, kamba yake ilishikwa na msimamizi mwenyewe. Shemeji wa mkata miti, anayemshikia siku zote, alikuwa amepewa ruhusa asubuhi ile bila kuomba.

"Umeona nini huko, fundi?"

"Mchwa tu, bosi. Kweli mti umezeeka."

Lakini kile kipande cha nta kilikuwa kimeshadondoka. Msimamizi akainama, akakiokota, akakifuta tope kwa kidole gumba. Hakuuliza ni kitu gani. Akakitia mfukoni.

"Basi shuka," akasema kwa upole. "Taratibu, nimekushika."

Kamba ikalegea kiunoni. Mkata miti akaukumbatia mti.